Sauti Zisizo na Ndege

Wasifu wa marehemu ulisema kwamba Baba Upendo hakuwahi kumwinulia mtu mkono. Aliyeusoma ni mpwa wake, kijana wa suti ya bluu aliyeshika kipaza sauti karibu mno na mdomo, na kila alipofika kwenye neno "mpole" kipaza kilipiga mluzi. Tulikuwa chini ya turubai, katika ua uleule wa Lemara, Arusha, nilikoishi mwaka mmoja wa shahada yangu ya uzamili, na jeneza lilikuwa limewekwa mahali palipokuwa na banda la ng'ombe. Baada ya ibada msafara ungeelekea Kilimanjaro, kwao, kumzika kihambani, kwenye shamba la ukoo. Upendo, binti yake wa pekee, ndiye aliyenipigia simu kunijulisha. Mama yake hakuketi mstari wa mbele pamoja na wafiwa. Alikaa kando yangu, amejifunga kitenge cheusi, mkono wake wa kushoto, ule usionyooka vizuri, umelala mapajani. Aliposikia sentensi ile hakugeuka. Niliyegeuka ni mimi. Niliutazama mlango wa chumba changu cha zamani, ambacho siku hizi ni stoo ya viti vya kukodisha, na mwaka ule wote ukanirudia kwa mpangilio wake.

Chumba kile kilikuwa na dirisha moja lililotazama uani, kitanda chembamba, meza ya mbao laini, na ukuta mmoja wa matatizo. Kuta tatu zilikuwa za tofali zilizolazwa. Wa nne, uliokitenga chumba changu na sebule ya mwenye nyumba, ulikuwa wa tofali zilizosimamishwa na kupakwa plasta nyembamba, kwa sababu ulijengwa baadaye, walipoamua kuikata nyumba ili wapate vyumba vya kupangisha. Kupitia ukuta huo nilijua chakula chao kabla hakijaiva. Nilijua siku za makande na siku za loshoro, ule mchanganyiko wa mahindi yaliyopondwa na mtindi ambao Mama Upendo, mzaliwa wa Ngaramtoni, aliupika kwa wingi na kunipitishia bakuli langu dirishani, na ambao mumewe, mtu wa Kilimanjaro, aliuita chakula cha ndama. Nilijua nyimbo za kwaya za Jumapili ijayo, maana Baba Upendo aliimba besi na alifanya mazoezi huku akivua viatu. Na nilijua mkanda. Mkanda una sauti mbili: moja ya kuchomolewa kwenye vitanzi vya suruali, ambayo ni ndefu na laini, na nyingine ambayo sihitaji kuieleza. Hadi leo, mwanamume yeyote akivua mkanda karibu nami, hata kwenye ukaguzi wa abiria pale uwanja wa ndege wa Kisongo, huwa nimeshageuka kabla akili haijajua ni kwa nini.

Utafiti wangu ulihusu ndege wa msituni na saa wanazoanza kuimba kiangazi kinapokaza. Nilikuwa nimefunga vinasa sauti kwenye miti ya mteremko wa Mlima Meru, juu ya Ngaramtoni, na kila wiki nilipanda kubadilisha betri na kurudi na kadi za kumbukumbu. Yote yaliyokuwamo kwenye kadi yaliingia katika hifadhidata moja ndani ya kompyuta yangu ya mapajani, mashine ya mtumba yenye diski ambayo ingemtosha mtu anayeandika barua tu. Wenye ujuzi huniuliza kwa nini niliziweka sauti zenyewe ndani ya hifadhidata badala ya kuziacha nje kama faili na kuandika tu mahali zilipo. Nilikuwa na sababu, na bado naitetea: diski ya nje niliyohamishia mizigo ilibadilishiwa jina na kompyuta kila ilipochomolewa, na anwani zote zikageuka kuwa za uongo, nikaona heri kila sauti ilale kitanda kimoja na maelezo yake. Matokeo yake ni kwamba mwaka ule niliishi nikipima nafasi. Nilifuta filamu, nikafuta picha za mahafali, nikafuta faharasa zilizoharakisha utafutaji lakini zikala nafasi, nikazibana sauti za zamani kwa namna isiyopoteza kitu, na kila mwisho wa wiki nikanakili kila kitu kwenye diski ya nje. Asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, nilitazama ule mstari mwekundu unaoonyesha kilichobaki, na hali yangu ya siku nzima ilitegemea urefu wake.

Chumba cha pili cha kupangisha kilikuwa cha Joeli, fundi wa simu, kijana mcheshi mwenye spika kubwa kuliko meza yake ya kazi. Mambo yalipoanza sebuleni kwa mwenye nyumba, spika ya Joeli ilipanda. Mwanzoni nilidhani ni sadfa. Nikaja kugundua kwamba muziki ulifuata mkanda kila mara. Siku moja nilimuuliza tukiwa bombani.

"Joeli, wewe husikii kinachoendelea mle ndani?"

"Sista Ndege, mimi nasikia bongo fleva tu."

"Mtu anaumizwa."

"Hiyo ni ndoa ya watu, sista. Ina wasimamizi wake." Akafunga bomba, akajitwisha ndoo begani. "Halafu wewe unayesikiliza mpaka ndege wakipiga chafya, umeshawahi kugonga pale mlangoni?"

Nilikuwa nimegonga, mara moja. Baba Upendo alifungua akitabasamu, jasho likimtiririka shingoni, akaniuliza kama maji yamekatika. Nyuma yake mkewe aliokota vipande vya bakuli sakafuni, mgongo ukiwa kwangu. "Bwana asifiwe, mwanangu," alisema Baba Upendo, na mimi nikajibu "Amina," kwa sababu jibu lile hutoka lenyewe, halipitii popote. Na likishatoka, mazungumzo huwa yameisha. Nimelichambua neno lile miaka mingi. Nimejiuliza ningejibu nini kingine, na sijapata.

Wazo la kunasa sauti lilikuwa la Mama Upendo mwenyewe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu baadaye mtaani ilisemwa kwamba msomi ndiye aliyeivunja nyumba ya watu. Alikuja mchana, mume akiwa dukani kwake mjini na Upendo akiwa shule. Aliniletea maziwa, akakaa ukingoni mwa kitanda, akakitazama kinasa nilichokuwa nakitoa utando wa buibui. Jicho lake la kulia lilikuwa limevimba hadi kufumba, na alikuwa amekishusha kilemba ili kulificha.

"Mdogo wangu, hiki ndicho kinachosikia ndege?"

"Ndicho, dada."

"Ukikifunika kitambaa, kinasikia?"

"Kitambaa chepesi, ndiyo."

"Nikienda kwa wasimamizi wetu wa ndoa, Mzee Aminieli ananiambia nisali, na mkewe ananiuliza nilimjibu nini mume wangu. Kaka zangu kule Ngaramtoni wanasema hawawezi kunipokea bila neno la wasimamizi, wasije wakaambiwa wamevunja ndoa ya kanisani. Mara ya mwisho mume wangu aliwaambia nimepigwa teke na ng'ombe nikikamua. Wakacheka. Na mimi nikacheka." Alikichukua kinasa, akakipima kiganjani kama anavyopima kibuyu. "Huyu ataniua, nakwambia. Siku hiyo watakuja wote, watalia. Mimi nataka wasikie kabla."

Alikificha ndani ya birika la kaure la seti ya harusi, juu ya kabati la vyombo, birika ambalo halikuwahi kutiwa chai. Alikiwasha aliposikia geti au alipoona dalili za ugomvi, akakizima mambo yalipotulia, na kila wiki alinipa kadi iliyoviringishwa kwenye leso, nami nikamrudishia ikiwa imefutwa. Niliziingiza sauti zake katika hifadhidata ileile, kwenye jedwali lilelile la ndege, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine palipojengwa kuhifadhi sauti pamoja na saa na mahali ilikonaswa. Kwenye safu ya kituo, baada ya majina ya miti na mabonde, niliandika "Birika". Aliniomba nisisikilize, nami sikusikiliza. Lakini programu ilinichorea umbo la kila sauti kwenye skrini, na macho yangu yalikuwa yamezoea maumbo. Wimbo wa ndege una umbo la kilima kinachopanda na kushuka. Mkanda huchora miiba, myembamba, iliyosimama wima, yenye nafasi sawasawa katikati kwa sababu mkono una mwendo wake. Palipotokea umbo pana, jeusi, lisilo na mpangilio, nilijua mkanda umewekwa chini na anatumia kitu kingine. Nilikuwa nikiyaona haya nikinywa chai. Kisha nilimsikia Mama Upendo mwenyewe, ng'ambo ya ukuta, akifagia.

Wiki moja nilirudi kutoka mlimani nikamkuta uani na mkono wa kushoto umefungwa hogo, ile chokaa ngumu ya hospitali, kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko. Alikuwa akimlisha ng'ombe kwa mkono mmoja. Upendo, aliyekuwa darasa la nne, alimshikia ndoo na hakuniamkia, yeye ambaye siku zote alinikimbilia kwa shikamoo. "Ng'ombe," alisema Mama Upendo, kabla sijauliza, akanitazama kwa jicho moja, jingine likiwa limevimba tena. Kisha akatoa leso yenye kadi. Siku iliyofuata alikwenda kwa miguu hadi kwa mke wa Mzee Aminieli, akakataa kuondoka mpaka atajiwe siku ya kikao. Alipewa Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada.

Diski ya nje ilikufa kabla ya Jumapili hiyo. Naikumbuka harufu ya vitunguu, kwa sababu viliungua jikoni na harufu yake ikakaa chumbani kwangu siku nyingi. Ilikuwa mchana wa Jumamosi ya wiki iliyotangulia. Nilikuwa mezani, diski imechomekwa, nakala ikiendelea, nilipomsikia Mama Upendo akikimbia uani. Hakupiga kelele. Aliingia kwangu, akajaribu kuufunga mlango kwa mkono mmoja mzima, na mlango ukamrudia usoni. Baba Upendo alimkamata kwa nyuma ya kilemba, akamvuta chini, akaanza kumpiga mateke mbavuni kwa utulivu, kama mtu anayesukuma gunia likae sawa. Mkewe aliuinua ule mkono wa hogo kujikinga, chokaa ikapasuka. Nilimrukia mgongoni. Kiwiko chake kilinipata mdomoni na nikaonja damu kabla ya kuhisi maumivu. Meza ilipinduka, kompyuta ikaangukia kitandani, diski ikaangukia sakafuni, na kiatu chake kikatua juu yake, bila hata kuiona, akitafuta pa kusimamia ili apige teke jingine. Nilisikia kitu kikisaga ndani yake. Spika ya Joeli ilikuwa juu hadi vioo vya dirisha vikatetemeka. Baba Upendo aliacha alipochoka. Alirudisha shati ndani ya suruali, akanitazama mdomo, akasema, "Samahani kwa usumbufu, mwanangu. Mwambie dada yako aangalie vitunguu vyake."

Hivyo nikabaki bila nakala. Kila nilichokuwa nacho, msitu na birika, kilikuwa ndani ya diski moja iliyojaa, na mlimani kadi zilikuwa zikijaa na betri zikielekea kwisha. Sikuweza kupata diski nyingine upesi, na sikuweza kuacha kupanda, kwa maana utafiti wa majira ukikatika hauungwi. Nikafanya kile ambacho mtu wa fani yangu hufanya: niliandika kanuni. Nafasi ikipungua kupita kiwango fulani, programu ifute sauti ya zamani kuliko zote ambayo ndani yake hakuna ndege. Kisha ipime tena. Kama bado hapatoshi, ifute inayofuata. Ilikuwa kanuni ya busara. Sehemu kubwa ya sauti za msituni ni upepo, mvua, na misumeno ya wapasuaji mbao, na kwa programu yangu ya kutambua ndege vyote hivyo vilikuwa kitu kimoja, kelele. Niliijaribu, ikafanya kazi, nikaiacha kompyuta ikisaga kadi mpya chumbani, nikafunga mlango kwa kufuli, nikapanda mlimani na mdomo uliovimba.

Nililala kambini siku chache, nikabadilisha betri, nikasikiliza mbega. Niliporudi, ule mstari mwekundu ulikuwa palepale nilipouacha. Jambo hilo ndilo lililonishtua kwanza, kabla ya jambo lenyewe: programu ilikuwa imefuta, tena imefuta sana, lakini diski ilikuwa imejaa vilevile. Nilikaa nikifikiri mpaka nikaelewa. Hifadhidata inapofuta kitu hairudishi nafasi kwa diski papo hapo. Inaweka tu alama kwamba mahali hapa pana maiti, na inapahifadhi kwa ajili ya kitakachoingia baadaye. Nililijua hilo, nilikuwa nimelijibia mtihani. Lakini kanuni yangu ilipima diski, na diski haikuonyesha nafuu yoyote, kwa hiyo programu ikafuta tena, ikapima, ikafuta, ikapima, mpaka ikamaliza kila sauti isiyo na ndege iliyokuwamo. Kisha kadi mpya ziliingia, na sauti za msituni zikaandikwa juu ya zile zilizokufa. Hapakuwa na cha kufukua. Mahali palipokuwa na miiba ya mkanda palikuwa na hondohondo.

Nilimkuta Mama Upendo bandani. Nilimweleza kwa maneno mengi mno. Nilieleza hata namna ya kupima nafasi, kana kwamba angenisahihisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja juu ya mgongo wa ng'ombe.

"Kwa hiyo na mashine yako nayo imeona ni kelele," alisema.

Alichota majani, akayatupa horini, akachota mengine.

"Hakuna hata moja?"

"Sijatafuta moja moja. Nimeona tu idadi imeshuka."

"Basi nenda katafute, mdogo wangu. Jumapili ni keshokutwa."

Niliandika swali fupi kuliko yote niliyowahi kuiuliza hifadhidata ile: nionyeshe kila kilichonaswa kituo cha Birika. Nilitarajia jedwali tupu. Ukatokea mstari mmoja. Ulikuwa wa alfajiri, siku ambayo mimi nilikuwa mlimani, na kwenye safu ya ndege programu ilikuwa imeandika kwa uhakika mkubwa: kurumbiza. Sauti nyingine zote za birika zilikuwa za jioni, baada ya duka kufungwa, wakati ndege wa bustani wameshanyamaza. Alfajiri ile dirisha la sebule lilikuwa wazi, na kurumbiza wawili, dume na jike, waliimba kwa kupokezana kwenye ua wa michongoma, kama wanavyofanya Arusha nzima kabla ya jua. Nilimpelekea Mama Upendo spika za masikioni. Alisikiliza sekunde chache, akazivua.

"Ni ile ya mkono," alisema. "Hiyo inatosha."

Jumapili tuliketi katika sebule ileile, juu ya makochi yaliyotandikwa vitambaa vya kufuma, tukizunguka meza ya kioo. Niliwaamkia wasimamizi. Mzee Aminieli, mtu mrefu, mpole kweli, alisali kwa muda mrefu akiombea nyumba ile ipate amani. Mkewe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani minene, aliyekula andazi lake lote bila kusema kitu. Chai ilimiminwa kutoka kwenye chupa. Birika la kaure lilikuwa juu ya kabati. Baba Upendo alizungumza vizuri sana. Alisema mke wake ni mtu wa bidii kupita kiasi, kwamba amemwambia mara nyingi wamuuze ng'ombe yule, ana teke baya, na safari hii amemvunja mkono. Mzee Aminieli akaagiza aitwe mpangaji wa pili. Joeli alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kijana, wewe unakaa humu. Umewahi kusikia ugomvi?"

"Mimi, mzee..." Alinitazama, akatazama sakafu. "Mimi redio yangu huwa iko juu."

"Basi, unaona, Mama Upendo," alisema Mzee Aminieli kwa huruma. "Hakuna aliyesikia."

Niliweka kompyuta juu ya meza ya kioo. Ilichelewa kufunguka, kama inavyochelewa mashine yoyote isiyo na pa kupumulia, na katika kungoja kule kila mtu aliitazama skrini nyeusi, hata Baba Upendo, aliyekuwa akitabasamu kwa sababu alidhani nataka kuwaonyesha picha. Kisha kurumbiza akaimba. Wimbo ulipanda taratibu, ukajaza sebule, mwenzake akaupokea. Mzee Aminieli aliinua kichwa kwa furaha kidogo. Ikafuata sauti ya ndoo ya maziwa ikigonga sakafu, na sauti ya Baba Upendo, si ya kupaza, sauti ya besi iliyotulia: "Nilikuambiaje? Nilikuambiaje? Nilikuambiaje?" na katikati ya kila swali, pigo. Mama Upendo kwenye kinasa alikuwa akiita "Yeyo, yeyo," neno la kwao la kumwita mama, kama mtoto anavyoita. Halafu mlio mmoja mkavu, ambao wote tulioketi pale tuliujua bila kuambiwa. Mzee Aminieli aliweka kikombe pembeni ya kisahani chake na chai ikamwagika. Kukawa kimya, ukimya wa kinasa, pumzi za mtu aliyechoka, kisha besi ileile, karibu zaidi, ikisema polepole: "Ukiulizwa, ni ng'ombe." Na kurumbiza akaendelea.

Aliyezungumza kwanza ni mke wa Mzee Aminieli. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Baba Upendo," alisema, "huyo ng'ombe wako anaongea Kiswahili kizuri."

Baba Upendo hakuja kwangu, aliiendea kompyuta. Aliinyanyua kwa mikono miwili, akaipigiza kwenye ukingo wa meza, na kioo cha meza na kioo cha skrini vikapasuka pamoja. Mzee Aminieli alisimama katikati, mikono imeinuliwa kama wakati wa baraka, akapigwa ngumi ya mdomo, akaketi juu ya vioo. Damu ilirukia vitambaa vya kufuma. Kisha Baba Upendo akamgeukia mkewe, mbele yetu sote, mbele ya wasimamizi waliomshikia pete, akamshika kwa ule mkono wa hogo na kuupinda. Mama Upendo alipiga yowe, mara ya kwanza nilipomsikia akipiga yowe. Joeli ndiye aliyefika. Alimrukia kutoka mlangoni, wakaanguka wote kwenye kabati, seti ya harusi ikamiminika juu yao, na Joeli akamkalia kifuani, akimbana koo kwa mkono wa mbele, akilia kwa sauti. "Nilikuwa nasikia!" alimwambia Mama Upendo, si yule aliyemkalia. "Mama, nilikuwa nasikia, kila siku nilikuwa nasikia!"

"Mama Upendo, mchukue mtoto," alisema mke wa Mzee Aminieli, akimwinua mumewe kwa kwapa. "Mfungue na ng'ombe. Kaka zako waambie mimi ndiye niliyekutuma."

"Ng'ombe ni wangu!" Baba Upendo alikoroma kutoka sakafuni.

"Si ndiye anayevunja watu mikono? Acha amwondoe, usije ukaumia na wewe."

Walitoka getini mchana kweupe, Upendo na begi lake la shule, mama yake akimwongoza ng'ombe kwa kamba aliyoizungusha kwenye mkono mzima, hogo likining'inia vipande vipande, na majirani waliokuwa wametoka kanisani wakawapisha njia bila kuuliza neno. Mimi nilitembea nao hadi barabara ya Ngaramtoni, nikachukua mizigo. Joeli ndiye aliyeitoa diski kutoka kwenye mabaki ya kompyuta yangu, kwa vifaa vyake vya simu, huku mikono ikiwa imefungwa bandeji, na diski ilikuwa nzima. Nilihitimu kwa kuchelewa. Sasa niko kwenye uzamivu, bado nafanya kazi na sauti, na sijaandika tena kanuni inayofuta kitu bila kuniuliza.

Chini ya turubai, kijana wa suti ya bluu alikuwa amefika kwenye habari za kwaya. Mama Upendo aliinama kuelekea kwangu. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Wanamwosha," alisema. "Maiti huoshwa, sina neno." Akachukua kitabu cha nyimbo. "Ile bado unayo?"

"Ninayo, dada. Nikibadilisha kompyuta, ndiyo ya kwanza kuhama."

"Na wale ndege wamo?"

"Wamo."

Kipaza kilipiga mluzi; watu walianza kusimama kwa ajili ya wimbo. Alijiegemeza kwangu kwa ule mkono usionyooka, akainuka.

"Inachukua nafasi kubwa?"

"Hapana. Ndogo sana."

"Basi iache," alisema, akafungua kitabu cha nyimbo.